Wanawake wa Vihingo Wamekataa Kupika

Vihingo, Kisarawe
11 Juni 1954

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Zahoro,

Shikamoo baba. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo, Iddi tumeila vizuri na mihogo imekubali.

Baba, nimefikwa na jambo. Mwaka juzi, mume wangu Mashaka alipochaguliwa kutusemea barazani, alisimama mbele ya watu akasema, "Lipeni hii kodi ya nyongeza, na daraja mtaliona kabla ya masika." Watu wakalipa, wengine kwa kuuza hata kuku wa mayai. Masika yale yakapita, na haya nayo yamepita. Daraja hakuna.

Mvua zilipokolea, Sikuzani, mke wa shemeji yangu, alishikwa na uchungu. Wanaume wakambeba kitandani kumpeleka hospitali, wakakuta mto umefurika. Akajifungulia pale ukingoni juu ya mkeka, sisi wanawake tumemzungushia kanga, mvua inatupiga. Alhamdulillahi, mama na mtoto wapo. Lakini hofu ya siku ile bado ninayo kifuani.

Baadaye tukaona mbao na mabati yanapita. Tukashangilia, tukidhani ni ya daraja! Kumbe baraza linajenga nyumba ya kupumzikia wakubwa wanaokuja kutembea. Itafunguliwa mwezi ujao, Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atakuwepo, na jumbe wetu hapa kijijini ametuagiza wanawake tupike pilau. Mpishi mkuu, kama kawaida, ni mimi.

Wanawake tumekaa, tumekubaliana: hatupiki. Mashaka anasema nataka kumvua nguo mbele ya wageni. Nyumbani sasa tunasemezana kupitia paka. Nifanyeje, baba?

Mwanao,
Swaumu

*

Mbwawa, Kibaha
20 Juni 1954

Mwanangu Swaumu,

Marahaba, mama. Kikohozi kimepungua, ni magoti tu yanayonikumbusha umri. Mama yako mdogo anakusalimu, na anauliza mtoto wa Sikuzani amepewa jina gani.

La pilau limeninyima raha. Usidhani sijui uchungu wenu. Hata sisi huku tunalipa, na tunachokiona ni mashimo yaleyale barabarani. Tunanung'unika, kisha tunalipa tena. Ndivyo dunia ilivyo.

Lakini mke hamwaibishi mumewe hadharani. Mashaka si mtu mbaya, aliahidi kitu ambacho hakikuwa mkononi mwake. Pika, mama. Wageni wakishaondoka, mwambieni yote mliyonayo moyoni. Maneno husikika vizuri mtu akiwa ameshiba.

Nisikilize mimi baba yako.

Zahoro

*

Mbwawa, Kibaha
2 Agosti 1954

Mwanangu Swaumu,

Salamu nyingi. Mbona kimya? Mwezi mzima naenda kuulizia barua, narudi mikono mitupu.

Jana nilikuwa stesheni ya Soga, nikakutana na Mwinyimadi muuza samaki. Akaniambia kasikia kwamba huko Vihingo mjumbe mmoja kamwandikia mkewe talaka kwa sababu ya pilau, na huyo mjumbe naye katiwa ndani. Samaki nimemwachia palepale.

Kama ni wewe, rudi nyumbani. Chumba chako mama yako mdogo ameshakifagia na kitanda kimefungwa kamba mpya. Rudi bila kuinamisha uso. Na kama si wewe, niandikie japo mstari mmoja.

Baba yako mwenye wasiwasi,
Zahoro

*

Vihingo, Kisarawe
10 Agosti 1954

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sina talaka, na mume wangu hajafungwa. Mwambie Mwinyimadi auze samaki, habari atuachie wenyewe. Mtoto wa Sikuzani anaitwa Isihaka, ananenepa.

Nisamehe baba, sikupika. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sijui jambo litaishia wapi.

Siku ile wageni walifika, hotuba zikasomwa, nyumba ikafunguliwa. Sisi tulikaa upande wetu tumejifunga kanga za Iddi. Mafiga baridi. Jumbe akasimama huku anajifuta jasho: "Chakula kinachelewa kidogo."

"Kitachelewa mpaka lini?" akauliza Bwana Shauri. Kiswahili anakijua.

Hapo Mashaka akainuka. Nikajisemea, leo naachwa mbele ya halaiki.

Akasema, "Bwana, chakula hakichelewi, hakipo. Wanawake wamekataa kupika, na mpishi wao ni mke wangu. Mimi niliwaahidi daraja, wakalipa. Tulipokaa barazani kuulizwa nani anataka nyumba hii, tulinyoosha mikono. Mmojawapo ni huu hapa." Akaunyanyua. Jumbe anamvuta kanzu aketi, yeye amesimama tu.

Mzee Abdala, yule kiziwi wa sikio moja, akapaza sauti kutoka nyuma: "Nyumba ya kupumzikia tumeiona. Sasa sisi tutapumzika lini?"

Watu walicheka, baba, hata karani alicheka. Bwana Shauri hakucheka. Aliondoka na njaa yake.

Wajumbe wenzake walimkasirikia Mashaka, na kila mbwa alipobweka tulidhani ni askari. Lakini baraza lilipokaa tena, Vihingo nzima ilikwenda ikaketi nje, wake kwa waume. Aliyetuongoza ni Maneno, kijana fundi cherehani. Hatukutukana mtu, tulikaa tu. Walipotoka walituambia viti vya ile nyumba havitanunuliwa tena, fedha itakwenda kwenye daraja. Na kweli, nguzo zimeanza kuchimbiwa.

Jioni ya siku ile ya wageni, Mashaka aliingia jikoni akaketi kwenye kibao cha mbuzi. "Mke wangu," akasema, "mimi nina njaa." Nikampikia.

Mwanao,
Swaumu

*

Vihingo, Kisarawe
6 Desemba 1954

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na poleni na joto. Sisi tu wazima wa afya.

Daraja limekwisha. Si zuri sana, mbao zinalia ukizikanyaga, lakini Sikuzani amelivuka na mwanawe mgongoni.

Juzi wanaume walichagua mjumbe. Huku kila mtu husimama nyuma ya anayemtaka. Mashaka alikuwa ameshasema hataki tena, lakini watu walimsukuma mbele wakajipanga nyuma yake, mstari ukafika mpaka kwenye mikorosho. Maneno alikuwa na watu wachache tu. Basi Mashaka akatoka pale alipowekwa, akaenda kusimama nyuma ya Maneno. Mstari mzima ukageuka ukamfuata! Karani akapiga kelele, "Tulieni! Mnanivurugia hesabu!"

Maneno kugeuka, anaona wanaume wote wa Vihingo wako nyuma yake. Akaingiwa na hofu. "Jamani, mnanitaka mimi au mnamfuata yeye?"

Mzee Abdala akajibu, "Tunakutaka wewe. Na yeye akae hapo nyuma, akuangalie unanyoosha mkono wapi."

Leo Mashaka ameshinda shambani anapanda mihogo. Kutoka hapa nilipokaa namsikia anapiga mluzi. Tangu awe mjumbe sikuwahi kuusikia.

Mwanao,
Swaumu