Cheti cha Jicho la Kushoto

Kijijini Sepuka

…ndiyo maana sikukujibu, mama, uliponiuliza katika barua yako kama vumbi limenitoka machoni. Si vumbi. Lakini shikamoo kwanza, na mgongo wako unaendeleaje? Baba anakula vizuri?

Mimi nina furaha ya ndoa nisiyoweza kuimaliza kwa wino. Zakaria wangu akitoka dispensari huniita tangu kwenye mashamba ya uwele, nami huiacha mboga iungue nikimbie kumpokea. Wifi hucheka: "Huyu atamla mumewe bila ugali!"

Ila pembeni mwa jicho langu la kushoto amesimama mtu. Mara ya kwanza nilidhani ni mgeni, nikamkaribisha ndani. Nikigeuka hayupo, amehamia tena pembeni, mweusi, kimya. Kila siku anasogea kidogo.

Zakaria alinipima kwa tochi, akasema: "Mke wangu, dawa zangu haziliwezi hili. Linamtaka daktari wa macho mwenyewe." Akaniandikia cheti cha kwenda hospitali kubwa ya Dodoma, ambako daktari huyo hufika mwisho wa mwezi.

Tangu hapo, mama, nimekuwa kama sipo. Hapa aliyepewa cheti cha Dodoma huhesabiwa amekwisha kwenda, kwa kuwa waliotangulia hawakurudi. Nilimwamkia mama mkwe, akaendelea kupepeta uwele, macho yake yakinipita kama yanatazama uwanja mtupu. Kisimani wanawake walinisema nami nimesimama papo hapo na ndoo yangu.

"Alikuwa mcheshi."

"Ugali wake lakini, mbichi!"

"Hata hivyo, mumewe alimpenda."

Wakacheka kwa upole, kama watu wanaotoka matangani. "Jamani, nipo!" nikasema. Hakuna aliyegeuka. Nilipoondoka, wifi yangu, yule yule wa utani, alinifuata akifuta nyayo zangu kwa tawi, kama za mtu asiyerudi tena, huku analia.

Jana mama mkwe alizungumza, ila na Zakaria tu: "Kichome hicho cheti, mwanangu, mkeo aturudie."

"Wale wasiorudi walibebwa wamekwisha kuchelewa, mama," akajibu. "Huyu anakwenda kwa miguu yake."

Mama, nilitamani akichome. Nilitamani mno mtu aniitikie. Kisha Zakaria akanigeukia akitabasamu ili anitulize, nami nikaona nusu ya tabasamu. Nusu ya pili yule mtu alikuwa ameshaichukua. Uso ule, mama, ninaoupenda kuliko vitu vyote! Nikakichukua cheti mkononi mwake, nikakifunga kwenye pindo la khanga.

Zakaria hawezi kuwaacha wagonjwa, kwa hiyo atanipandisha lori la karanga hadi Manyoni, kisha nitapanda treni ya Dodoma peke yangu. Msalimie baba, na bibi mzaa baba, na kaka fundi cherehani. Mwambie asinishonee gauni bila kunipima, nimenenepa kwa mapenzi.

Nitashukia kwako kwanza, hospitali baadaye. Nataka uketi mbele yangu mchana, penye mwanga, nikutazame mpaka nitosheke, maana sijui daktari ataniachia nini. Usihangaike kupika. Keti tu. Nitafika kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao akupendaye,
Tamari