Sanduku la Elia Limepanda Jahazi

Dubai, Jumapili mchana

Dada Wakesho,

Kabla hujafika mstari wa pili, tafadhali funga mlango. Kama Mama yuko kwako Mombasa wiki hii, ngoja aende sokoni kwanza. Nakuomba kwa jina la Mungu, neno hata moja la barua hii lisitoke: si kwa Mama, si kwa shemeji, si kwa mwenzako wa shuleni unayemwamini kuliko mimi. Ukimaliza uichome. Najua hupendi kuchoma kitu kilichoandikwa. Basi iweke mahali unapopajua wewe peke yako.

Sasa nikusalimie kama inavyopasa. U mzima? Kifua cha mtoto kimepoa? Goti la Mama linamruhusu kupanda ule mlima wa kanisani? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nakwenda kazini, joto nimelizoea. Lililonipata haliko mwilini.

Nimeshindwa kukupigia. Laini ya simu ni ya kampuni, chumbani tuko saba, na kila nikijaribu kupanga maneno haya mdomoni yanakwama. Kwa hiyo naandika, na barua anaileta Njeri, yule msichana wa Nyahururu anayefanya kazi hoteli moja huku Garhoud, ambaye tunasali naye. Anakwenda likizo na ndege yake ni jioni hii, moja kwa moja Mombasa. Nilipomuuliza kama barua itafika bila kufunguliwa alinicheka: "Wewe Mwadime unaogopa hadi gundi. Itafika bana, tulia."

Unakumbuka nilikuambia kuna watu wanatengeneza filamu na wameniomba niwasahihishie Kiswahili? Sikukuambia yote. Mwongozaji ni Salha, binti wa familia ya Kizanzibari iliyokaa huku miaka mingi. Yeye amezaliwa hapa hapa. Filamu haina kampuni nyuma yake. Kamera ni ya kukodi, taa ni za rafiki yake mpiga picha za harusi, na waigizaji ni yeyote aliye na nafasi siku ya Ijumaa. Inahusu kijana wa miaka kumi na minane, jina lake Elia, anayetoka bara kwetu kuja ng'ambo kwa mara ya kwanza. Hakuna bunduki wala mapenzi ndani yake. Ni kijana tu anayejifunza kusema "mimi" mbele ya watu wanaomwita "wewe." Mswada nilipousoma niliona aibu, kwa sababu ilikuwa kama mtu amesimama nyuma yangu tangu siku niliyotua.

Aliyekuwa aigize Elia akapata kazi Abu Dhabi, akaondoka. Salha akanitazama. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu nikakubali. Kila Ijumaa nilikuwa Elia kuanzia mchana mpaka alasiri. Usidhani nilikuwa hodari. Kuna pahala Elia anasimama mbele ya mwajiri wake na kukiri kosa lililokuwa linamwangukia mtu mwingine. Tulirudia mara tisa. Salha akazima kamera, akaketi juu ya kreti.

"Hebu nambie, mwanangu," akasema, ingawa ana miaka sawa na mimi, "mbona wasema kama wasoma risiti? Huyu kijana keshakua hapa. Wewe bado ungali wanigugumia."

"Nikipaza sauti watu watageuka," nikamwambia.

"Ndo wageuke."

Tukaliahirisha tukio hilo. Mpaka leo halijapigwa.

Nakuja kwenye kosa langu. Ofisi yetu, kama ujuavyo, inapakia mizigo kwenye majahazi yanayofunga pale Khor, ule mkono wa bahari wa Deira. Kila mzigo una hati ya nakala tatu zenye namba: nyeupe inabaki ofisini, ya buluu anapewa nahodha, ya pinki inachomekwa chini ya kamba ya mzigo wenyewe. Makuli wengi hawasomi, na wanaosoma wanasoma lugha zao. Wao wanaangalia rangi. Wakiona pinki chini ya kamba, mzigo unapanda. Hakuna anayeuliza. Ndivyo gati linavyokwenda, na ndivyo mimi mwenyewe nilivyofundishwa siku ya kwanza.

Ijumaa ya wiki iliyopita tulikuwa tunapiga tukio la Elia kutuma sanduku la zawadi nyumbani. Tulichagua saa ya swala kwa sababu gati huwa tupu. Salha alinipa karatasi nyeupe isiyo na kitu, akasema, "Itie hapo, haitaonekana." Dada, sikuweza. Mkono ulikataa. Sanduku limefungwa vizuri, limepangwa kati ya mizigo ya kweli, halafu lina karatasi tupu? Nilikwenda kabatini, ufunguo ninao, nikatoa hati ya kweli yenye namba. Nikaijaza kwa herufi kubwa ili kamera izione. Mtumaji: Elia Mwamburi. Mpokeaji alitakiwa awe dada yake Elia, na nilipofika kwenye anwani nikashindwa kubuni. Tangu nianze ukarani sijawahi kuandika anwani isiyokuwepo. Nikaandika yako. Jina lako, sanduku lako la posta, namba yako ya simu. Kisha, bila hata kufikiri, nikaikunja ile ya pinki mara mbili nikaichomeka chini ya kamba, kama ninavyofanya mara mia kwa siku.

Tulimaliza, tukahamia upande wa pili wa ghala kutafuta kivuli cha tukio linalofuata. Tulidhani tutalirudia sanduku baada ya nusu saa. Makuli wakarudi kutoka msikitini. Msimamizi wao, Mzee Makame, ambaye ndiye mjomba wa Salha na ndiye aliyeturuhusu kupiga picha pale, akaona pinki chini ya kamba. Akasema alivyosema kila siku ya maisha yake gatini: "Yalla, huu nao upandishwe." Tuliporudi palikuwa na alama ya vumbi tu. Jahazi lenyewe lilikuwa limeshafungua kamba na linasukuma maji.

Salha alicheka kwanza. Alidhani ni nguo kuukuu na vitenge viwili vya mama yake vimekwenda kutembea Mombasa. Mimi nilikaa chini pale pale. Yeye hajui mzigo usio kwenye orodha ni kitu gani mbele ya forodha.

Jumatano nahodha alituma habari kwa redio kwamba hesabu yake imezidi ya ofisi kwa kitu kimoja, akasoma majina na namba ya simu kwenye ile ya pinki. Meneja alitafuta nakala nyeupe, hakuiona. Nakala nyeupe iko chini ya godoro langu, pamoja na ya buluu. Nimeitoa mara nyingi niichane, na kila mara nairudisha. Karatasi yenye namba haichanwi, hilo nalo nilifundishwa.

Meneja si mtu mbaya, Dada, lakini ana haraka ya kupata jibu. Akafikiri hivi: nani mwenye watu pwani ya Afrika, na nani alitoa amri ya kupakia? Mzee Makame. Wapo waliowahi kupitisha vitu vyao kwa njia hiyo. Akamwita mbele yetu makarani watatu. Nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya maji.

"Makame, nani huyu Elia?"

"Simjui, sir."

"Humjui, na mzigo wake umeupakia wewe?"

"Nimeona karatasi. Nami tangu lini nikaona karatasi nisipakie?"

"Nani aliiweka?"

Mzee Makame akanitazama. Hakunitazama sana, kadiri ya mtu anayetazama saa ukutani. Kisha akasema, "Sir, mie nlikuwa naswali."

"Khalas, basi. Kaa nyumbani mpaka jahazi lifike na sanduku lifunguliwe. Kisha tutajua kama una visa au huna."

Hiyo visa ndiyo kila kitu chake. Kampuni ndiyo kafili wake, mdhamini wa ukaazi wake. Wajukuu zake wanasoma hapa, mkewe anatibiwa hapa, na Unguja hajabakiwa na nyumba. Mimi nikiondolewa narudi kwa Mama na kitanda changu kipo. Yeye akiondolewa anarudi wapi?

Nilimfuata mpaka nje. Nilimwambia, "Mzee, mbona hukusema ni mimi?"

"Wataka nkuuze kwa sanduku la vitambaa?"

"Lakini si wewe."

"Nalijua kwamba si mie. Nawe walijua. Basi mambo ya kusema mtu husema mwenyewe, hasemewi." Akavaa kofia yake vizuri, akaondoka. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningekuwa na la kumjibu.

Tangu hapo siku nne zimepita na mimi nimenyamaza. Nachoka na nafsi yangu. Kila asubuhi napanga kuingia kwa meneja, nafika mlangoni, nasikia anaongea kwa simu, nasema nitarudi, nakwenda kuhesabu makreti. Jana nilisahihisha kosa la mwenzangu kwenye orodha ya mchele, mfuko mmoja tu, nikamweleza kwa upole umuhimu wa kuwa mwaminifu kwenye karatasi. Alinishukuru. Nilitamani kujizaba kofi.

Na nina hasira na Salha pia, nisikufiche. Anasema atakwenda yeye kwa meneja aseme ni filamu. Nikamwambia ukienda utaulizwa kibali cha kupiga picha gatini, nacho huna, kisha watachukua kamera ambayo si yako. Akanijibu, "Basi twende wote." Nikaanza tena habari ya kibali. Akasema, "Ami yangu yuko ndani ya nyumba anatazama dari, wewe wanifanyia hesabu za vibali." Humwita mjomba wake ami, kama ndugu wa baba, anapokuwa na uchungu, kwa sababu ndiye aliyemlea baada ya babake kufariki. 

Sasa sikiliza kwa makini, kwa sababu wewe umo. Meneja amepiga namba yako mara mbili. Ile simu ya namba ngeni ya kutoka huku, ambayo huenda uliiona Alhamisi ukiwa darasani, ndiyo hiyo. Atapiga tena. Atakuuliza kama unamjua Elia Mwamburi na kama unangoja sanduku.

Barua hii niliianza jana, na katika ile ya jana nilikuomba useme hujui lolote, kwamba mtu ameokota namba yako. Niliandika ukurasa mzima wa namna utakavyosema, mpaka pahala pa kusita. Nilipousoma leo baada ya kanisa nilijiona. Namfundisha uongo mwalimu wa shule, dada aliyenifanya nikiri kwamba ni mimi niliyevunja dirisha la jirani. Nimeuchana. Ule haukuwa na namba.

Kwa hiyo akikupigia, mwambie ukweli wote: Elia ni jina la mchezo, mwandishi wa karatasi ni ndugu yako, na ndani ya sanduku ni nguo. Usiongeze kitu, usinitetee. Na ukiitwa forodha kulifungua, nenda na kitambulisho chako, fungua mbele yao, acha watie mikono. Usilipe mtu yeyote ili alifiche. Vitenge viwili ni vya mama yake Salha. Ukiruhusiwa vichukue uvitunze, usivivae.

Lakini nataka mimi nitangulie kusema kabla yako. Kesho Jumatatu ofisi ikifunguliwa nitaingia na ile nakala nyeupe mkononi. Sitangoja amalize simu. Nimemwambia Salha leo, na amesema atakuwa nje ya mlango bila kamera. Huenda meneja akanisamehe kwa onyo. Huenda akaniandikia tiketi ya kurudi nyumbani. Huenda ikawa zaidi ya hapo, sijui. Naogopa, Dada. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Nisalimie Mama bila kumwambia chochote, mwambie tu nimenenepa. Nisalimie shemeji, mwambie asante kwa kumsaidia Mama na paa. Nisalimie Nyanya, na Mjomba Mwakio fundi baiskeli, na mdogo wetu Mkawasi. Mwambie kitabu alichoniomba nimekinunua, anacho Njeri.

Namna ya kunipata ni hii, isome mara mbili. Kuanzia kesho usipige laini ya kampuni, kwa sababu anaweza kuipokea mtu mwingine. Usiandike kwa anwani ya ofisi. Njeri atakupa kikaratasi chenye namba ya nyumbani kwa mama yake Salha. Usiinakili kwenye simu yako mpaka nikuambie. Piga baada ya magharibi ya huku, ambayo kwenu ni kabla ya watoto kuoga. Atapokea mama, mtu mzima. Msalimie kwa shikamoo, jitambulishe kuwa dada yake Mwadime karani, naye ataniita nikiwa nipo. Akisema sipo, usimsumbue kwa maswali, ngoja siku mbili kisha upige tena. Akisema sijulikani nilipo, hapo ndipo umwambie Mama.

Na nikiipokea mwenyewe, usianze kuniuliza kama nimefukuzwa. Niulize kama Mzee Makame amerudi gatini.

Mdogo wako,
Mwadime