Sufuria Uliyonipa Nilipoolewa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye nampa shikamoo yake. Mgongo unaendeleaje? Najua utasema ni mzima huku umeushika kwa mikono miwili. Sisi huku tunaamka, na mume wangu anakwenda kazini kama kawaida. Nilitaka kuandika kwamba wote hatujambo, kalamu ikagoma.

Mjukuu wako anaumwa. Ulipokuja kututembelea alikuita babu kutwa nzima, hata ukamtania kwamba atalimaliza jina lako. Sasa hasemi. Maneno yalimpotea moja baada ya jingine, likabaki "maji", nalo likaenda. Tumbo humuuma akajikunja, na chakula hakitaki. Mama mkwe alisema ni minyoo, jirani akasema ni kijicho. Mimi nikasema ni plastiki.

Redio ilikuwa imetuonya kuhusu vyombo vya plastiki, nami unanijua nikishika jambo. Nilitupa chupa, vikombe na bakuli, hata beseni lake la kuogea. Kila alichokula nikakipika kwenye sufuria yako, yenye alama ya kidole gumba chako chini ya mshikio wake. Nilijiambia kwamba chombo alichokiyeyusha na kukimimina baba yangu kwa mikono yake hakiwezi kumdhuru mwanangu. Uji wa asubuhi niliukamulia limau ili apate hamu, ukakaa humo humo hadi jioni. Halafu nikaisugua kwa mchanga mpaka ing'ae, kama ulivyonifundisha.

Hospitali walipompima damu walikuta madini ya risasi, yale yale ya ndani ya betri za gari. Daktari akaniagiza nilete kila chombo tunachopikia. Waliipima sufuria yako, wakanikataza kuirudisha nyumbani. Alinieleza kwamba limau huyatoa madini, na kusugua huyatoa zaidi. Hapo nikakumbuka tanuri lako, zile injini mbovu na makopo, na vile vibamba vya betri ulivyotupia ukisema vinalainisha madini yamiminike vizuri. Mimi ndiye niliyekuvunjia betri hizo kwa nyundo, na nilivuta mivukuto ya kupulizia moto mpaka ukanipa jina la Mvukuto. Nililipenda sana jina hilo.

Hukujua, Baba. Hilo naliamini. Lakini nina hasira na sijui niiweke wapi, kwa sababu daktari amesema mtoto anaweza kupata nafuu, ila si yote aliyoyapoteza yatarudi.

Kuna jambo nimelizungushia maneno tangu mwanzo wa barua. Walinipima na mimi. Damu yangu ina madini hayo mengi kuliko ya mwanangu. Muuguzi aliniambia kwamba sumu hii hujificha kwenye mifupa tangu utotoni, na mwanamke akishika mimba hutoka ikamfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo mwanangu alianza kuipata kabla hajaonja uji, na aliyempa ni mimi. Kisha akaniuliza kama Mama aliwahi kupoteza mimba. Nikamjibu kwamba ni tatu, kati yangu na mdogo wangu, na kwamba shangazi zangu walisema Mama ana mkosi. Alisema hawezi kuthibitisha, lakini hilo ni jambo linalotokea sana kwenye nyumba zenye kazi kama yako.

Baba, wifi yangu ana mimba, na chumba chake kinatazamana na tanuri lako. Nasikia sufuria yake umekwisha kuimimina. Ndiyo maana nimemwandikia mdogo wangu huko anakofanya kazi kabla ya kukuandikia wewe, na sitaomba radhi. Jumamosi anakuja kumchukua mkewe. Usimzuie, wala usiwape sufuria. Uzime tanuri, kisha wewe na Mama mkapimwe. Najua nakuomba uache kazi iliyotulea. Ndiyo hiyo hiyo ninayokuomba uiache.

Mjukuu wako angekusalimu. Jana nilimwonyesha picha yako, akaishika muda mrefu, midomo ikamcheza, sauti haikutoka.

Msalimie sana wifi. Na Mama, tafadhali kaa naye mkiwa wawili tu, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba hakuwa na mkosi.

Mimi binti yako,
Mvukuto