Nusu Yangu ya Ngoma ya Mama

Kalundu, Jumamosi, siku ya posho

Yaya Gloriose,

Pokea salamu zangu, minye mudogo wako. Watoto wanaamuka vizuri? Na shemeji Sylvestre, mugongo wake umetulia? Sisi huku tungali wazima kwa neema ya Mungu. Ernestine ameanza kucheka, lakini kulala hapana. Ninakuandikia naye yuko kwenye titi, basi usihesabu makosa ya mukono wangu. Barua ninamupa dereva Luc akufikishie leo hii Kamanyola, maana kwa simu ungenikatiza.

Unajua sikukuu ya kumutoa mutoto inje imekawia. Watu wa bwana wangu walikuwa wananicheka, wanasema huyu ataota meno angali ndani ya nyumba. Niliwajibu kwamba kwetu mutoto haonyeshwi watu bila ngoma ya mama: mwenye mutoto anaanzisha, ndugu yake wa kike anaitikia, ndipo wote wanacheza. Unakumbuka marehemu mama alivyotugawia, minye kuanzisha, weye kuitikia. Nilikuwa ninalia, ninataka sauti zote mbili, naye akasema anayeimba zote mbili ni muntu asiye na ndugu.

Kuanzisha ninakujua mupaka leo. Kuitikia kwako ndiko kulinipotea. Nilikutumia sauti kwa WhatsApp, ukajibu kwamba hata weye umesahau, mama aliondoka nayo, tena nisimusumbue mama Kankindi wa Lubarika aliyekuwa akicheza ile ngoma na marehemu, kichwa chake hakishiki tena kitu. Nikakuamini. Nikazunguka na ile ngoma bandarini kwa mama wauza samaki wa ndagala, ninaimba, mutoto mugongoni. Mumoja akasema ni ya kuchunga ngombe. Mwingine akasema ni ya kwaya yao. Wa tatu akasema nilale kwanza, wimbo utarudi wenyewe. Walicheka, na minye nikacheka nao.

Juma hii nikachoka kungoja, nikapanda gari mupaka Lubarika. Mama Kankindi nilimukuta anapepeta mupunga, macho makali kuliko yangu. Mbele ya salamu akaniuliza kama sasa nimeona haya. Sikuelewa, nikaanzisha tu. Hata sijamaliza, akaitikia, ungo mukononi, miguu inapiga chini kama zamani. Yaya, nililia kwa furaha. Hakuna kitu kilichotoka katika kichwa cha yule mama.

Kisha akanigombeza. Akasema nilifanya vibaya kutoonekana Kamanyola kwenye sikukuu ya mutoto wa muke mwenzangu, na kwamba wivu hauleti maziwa. Nikauliza muke mwenzangu gani. Akaweka ungo chini. Akasema Amandine, yule muuza vitenge anayekaa nyumba ya nyuma kwako, aliyezaa na Révérien wangu. Akasema weye mwenyewe ulikuja kumuchukua apige makofi, ukamuambia minye nimekubali yote. Na Révérien alikuwa pale, amemubeba mutoto wake mwanaume.

Na minye ninamupigia pasi mashati kila anapoenda huko Kamanyola kutafuta muchele.

Bwana anaweza kupotea. Ningelia, ningepona. Lakini nilimuuliza mama Kankindi jambo moja tu: kama weye uliitikia, nani alianzisha? Akajibu ni Amandine, tena vizuri sana, ulikuwa umemufundisha. Ile nusu yangu, yaya. Ingekuwa sufuria, ningekuja kuichukua.

Labda ulimuonea huruma, maana hana ndugu huku. Moyo wako ninaujua, ni weye uliyenibeba mama alipougua. Lakini ungeniambia. Hata kwa kunitukana, ungeniambia.

Kesho, siku ya Mungu, ninamutoa Ernestine inje. Usije. Mama Kankindi alijitolea kuja kuitikia, nikamushukuru, nikakataa. Nitaimba zote mbili.

Salimia watoto, waambie mama mudogo wao anawapenda. Shemeji apakwe mafuta ya moto mugongoni. Na Révérien ukimuona mbele minye sijamuona, usimupe salamu zangu. Nitamusalimia mwenyewe.

Mudogo wako,
Délice