Mtani Hakasiriki

Jumamosi, mchana. Nachingwea leo ni upepo na vumbi jekundu, mikorosho imeanza kutoa maua, na mimi nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nimekuja kuiweka hapa, kwenye kichumba cha intaneti karibu na stendi.

Nimesalitiwa. Nimetafuta neno jepesi zaidi ya hilo, sijalipata.

Jana ilikuwa sherehe ya zawadi kwa wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa walioshinda mashindano ya kuchora na kuandika insha kuhusu sheria. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Michoro ilibandikwa ukutani, na mingine ilinichekesha kweli. Mtoto mmoja wa Narung'ombe alichora mizani ya haki, lakini si ile ya mahakamani. Alichora mizani ya kupimia korosho, na kidole cha mnunuzi kinaibonyeza kwa chini. Hakimu, aliyekuwa mgeni rasmi, aliuangalia mchoro ule muda mrefu.

Insha iliyoshinda ni ya Somoe, mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Kwao ni Nandagala, huku shuleni analala bwenini, na anayemlipia ada ni mjomba wake.

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali: sisi Wamwera mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye msemaji wako, kwenye ndoa, kwenye msiba, kwenye kila kitu. Na baba akifa, kwa mila ya wazee, mali yake huwafuata wapwa zake, watoto wa dada zake. Somoe aliandika juu ya hilo. Aliandika jinsi baba yake alivyopanda mikorosho kwa mikono yake, na jinsi wapwa walivyokuja baada ya arobaini kuichukua. Akaandika kwamba mjomba, aliyepaswa kumsemea mama yake, aliinamisha kichwa siku nzima ya kikao cha ukoo. Miezi michache baadaye mjomba huyo alionekana akipalilia kipande cha shamba lilelile, kile cha bondeni, wanachosema wanakijiji kwamba alipewa kwa kukaa kimya. Mwisho akauliza sheria inasema nini kwa mtoto ambaye msemaji wake amenyamaza.

Nilipoisoma mara ya kwanza nililia. Mimi pia nina wajomba.

Somoe alikubali tuipeleke kwa sharti moja: isomwe na majaji tu. Siku ya sherehe litajwe jina lake na kichwa cha insha, basi. Nilimwambia sawa. Nilimwambia, nakumbuka vizuri, "Niamini mimi."

Mshereheshaji alikuwa Mwalimu Komba, tunayefundisha naye. Yeye ni Mngoni wa Songea, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani. Siku niliyoripoti kazini alinipokonya soda mkononi akainywa yote, na huo ndio ukawa mwanzo wa urafiki wetu. Nilipougua malaria yeye na mkewe ndio walionipikia uji. Nilimweleza habari ya Somoe mwanzo hadi mwisho, nikamwomba asije akaisoma ile insha. Akaniambia, "Mtani, hiyo nimeshaizika."

Jana akaifukua.

Wageni wa kutoka mkoani walikuwa mstari wa mbele, na Komba ana hamu ya kuhamia ofisi za elimu, hilo shule nzima inalijua. Alipofika kwenye mshindi wa insha akafungua karatasi, akasafisha koo, akaanza kusoma. Ana sauti nzuri, Mungu amempa. Alisoma yote. Alipofika kwenye kipande cha bondeni watu wakaguna. Mimi nilikuwa nyuma na wanafunzi, nikamwonyesha kwa mkono aache, naye akanipungia kama mtu anayesalimiwa.

Kisha akafanya jambo ambalo washereheshaji wa huku hulifanya kila sherehe. Akasema mtoto huyu ana kwao, familia yake isimame tuipigie makofi.

Aliyekuja kwa niaba ya familia ni mjomba.

Makofi yakaanza, kwa sababu watu walishazoea kupiga. Mzee akasimama, kofia ameishika mkononi. Halafu ukumbi ukaelewa ni nani aliyesimama, makofi yakakatika safu moja baada ya nyingine. Sitaki kuusikia tena ukimya ule. Simtetei yule mzee, lakini hakuna mtu anayestahili kupigiwa makofi ya namna hiyo.

Alinifuata nje. Hakupaza sauti. "Mwalimu, watoto tunawaleta kwenu wasome. Hatuwaleti mkatuanike." Akamwambia Somoe akachukue sanduku lake bwenini, wanarudi Nandagala.

Somoe hakulia. Alinikabidhi kamusi aliyopewa zawadi, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, ulisema."

Basi.

Nilimrudia Komba. Alikuwa anakunywa soda na wageni. Nikamwuliza kwa nini. Akacheka, akawageukia wale wakubwa akasema, "Mwoneni mtani wangu, amenuna. Mtani hakasiriki bwana." Wakacheka wote. Na mimi, niamini usiniamini, nikatabasamu. Ndivyo tulivyolelewa. Mtani akikutania ukanuna, mwenye aibu ni wewe. Tabasamu lile limenikera usiku kucha kuliko hata alichofanya yeye.

Lakini utani una mikono miwili.

Asubuhi nimekwenda kwake. Baiskeli yake nyeusi, anayoifuta kila siku kuliko anavyofuta ubao, ilikuwa imeegemea ukuta, mwenyewe anapiga mswaki. Nimeichukua mbele yake, mbele ya mkewe na majirani, nikaisukuma hadi barabarani. Mtani akichukua kitu chako hupigi kelele, unakikomboa. Komba anajua. Akacheka na povu mdomoni, akauliza nataka jogoo au nataka mchele.

Nikamwambia sitaki jogoo. Nataka kesho twende naye Nandagala, asimame mbele ya yule mzee na ndugu zake, aseme kwamba Somoe alikataa insha yake isomwe hadharani, na mimi nilikataa, na aliyeisoma ni yeye kwa tamaa yake.

Kicheko kikaisha. "Mtani, hilo si jambo la utani."

Nikamwambia, "Jana lilikuwa."

Mkewe alikuwa mlangoni na ungo wake. Alimwangalia mumewe kwa namna ambayo ilinipa moyo kidogo.

Sijui kama atatokea. Basi la Ruangwa linaondoka alfajiri, na nimeshaongea na konda, baiskeli itafungwa juu kwenye keria. Komba akija, ataipanda mwenyewe kutoka Ruangwa mjini mpaka kijijini na mimi nimekaa nyuma, anyonge pedali kupanda kilima. Asipokuja nitanyonga mwenyewe. Naogopa yule mzee atanifungia mlango. Naogopa zaidi kwamba ada imeshakatwa na Somoe ataishia kidato cha tatu, akipalilia mikorosho ya baba yake kama kibarua.

Kamusi ninayo hapa, ndani ya mkoba. Maneno ya kumwambia bado sijayapata. Komba hakumwahidi Somoe kitu, aliyemwambia "niamini" ni mimi.

Kwa hiyo kesho, Komba awepo asiwepo, nitaanza na mtoto kabla ya mjomba. Na akinigeuzia mgongo nitasimama hapohapo uani nisubiri. Somoe ni Mmwera mwenzangu, si mtani wangu. Yeye ana haki ya kukasirika.