Mkwe Wangu Ndiye Mkuu wa Kituo

Shangazi Nandutu mpendwa,

Salaam kutoka Jinja. Nakusoma kila Jumamosi nikiwa nimekaa juu ya gunia langu la mukene, dagaa wa huku kwetu, nawacheka wanaokuandikia, na leo zamu ya kuchekwa ni yangu, kwa hiyo nakuomba ucheke kidogo halafu unisaidie.

Mimi nauza samaki kwenye mwalo mmoja wa huku ziwani, jina lake nalificha, na sababu utaiona mwenyewe. Miaka miwili iliyopita walikuja watu wa mradi wa kurekebisha polisi, wakasema zile zama za kuogopa magwanda zimekwisha, sasa raia na polisi watakaa pamoja kila mwezi, raia waulize na polisi wajibu, na kwenye ukuta wa kituo likatundikwa sanduku la malalamiko lenye kufuli, ufunguo ukae kwa raia. Shangazi, ufunguo nilipewa mimi! Nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa kwanza, nikapewa koti la njano linalong'aa, na nisikufiche, nilikipenda kile kiti kuliko chai ya tangawizi, nikawa nawauliza maafande maswali mpaka jasho linawatoka, kwa nini huyu alipigwa kofi, kwa nini yule aliitwa kituoni mara tatu bila kuambiwa kosa lake, na wao wanajibu, "Ndiyo mama, tutarekebisha," na kweli wakarekebisha, hata wale wazee ambao zamani wakisikia Kiswahili tu, lugha ya askari, wanafunga mlango wakaanza kuja kukaa mbele.

Basi mwezi uliopita tukaambiwa mkuu mpya wa kituo anatoka Mbale, tujipange tumpokee kwenye mkutano. Nikavaa koti langu, nikashika kipaza sauti, gari likasimama, mlango ukafunguliwa, akashuka Ramathan. Huyo Ramathan ni mume wa binti yangu Mariat, ambaye ni muuguzi hukohuko Mbale, ndoa yao ina miezi minane na ilifungwa huko, kwa hiyo hapa mwaloni hakuna anayemjua, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemwona mara moja tu, tena kwa kuchungulia dirishani, naye ananijua kwa picha. Unajua mambo yetu, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawakai benchi moja, na huku Busoga ukikosea watu husema mikono itakutetemeka mpaka uzeeni, ugonjwa wenyewe tunauita buko. Nikaachia kipaza sauti, nikajitanda leso kichwani, nikatimua mbio nikachutama nyuma ya magunia, na yeye aliponitambua akageuka upande wa pili, akawapa watu wote mgongo, hotuba yake nzima akauhutubia ukuta.

Ningecheka pamoja nawe kama mambo yangeishia hapo, lakini watu hawakujua kwamba ni mkwe wangu, walichoona ni mwenyekiti kamkimbia afande na afande kawapa mgongo, nikamsikia naibu wangu Muzafaru akisema, "Bwana, kama mwenyekiti nakimbia, sisi nabaki kufanya nini?" Wakatawanyika, na tangu siku hiyo kwenye sanduku imeingia karatasi moja tu.

Karatasi hiyo ndiyo inayoninyima raha. Ni ya Namukose, jirani yangu anayekaanga samaki. Mume wake Isiko, fundi wa nyavu, alikamatwa Jumatatu kwa kusingiziwa wizi wa injini ya mashua, akakaa mahabusu mpaka Jumamosi ndipo akaachiwa, bila kupelekwa mahakamani, wakati sheria tuliyofundishwa ni saa arobaini na nane tu, na siku zote hizo mkuu wa kituo ni mkwe wangu. Nimeikunja ile karatasi nikaitia ndani ya kopo la chumvi, leo ni wiki ya pili. Mariat kanipigia simu akilia, "Mama, usimwaibishe bwana yangu, ndiyo kwanza yeye naanza kazi hapo." Na kila asubuhi Namukose ananisalimu, "Mama mwenyekiti, barua yangu nafika wapi?" nami najibu, "Iko njiani," halafu najifanya nina haraka. Mkutano ni Alhamisi ijayo. Nikimhoji mkwe wangu mbele za watu nimevunja heshima na pengine nimevunja na nyumba ya mwanangu, nikinyamaza hakuna mtu atakayetia tena karatasi kwenye sanduku lile, na nikiwaambia ukweli kiti kinaondoka. Nifanye nini, Shangazi?

Bushira, Jinja

Bushira,

Nimecheka kidogo kama ulivyoniomba, pale kwenye hotuba ya ukuta. Sasa nimemaliza kucheka.

Pole kwa kubanwa katikati, kwa sababu kweli umebanwa. Mimi ni Mgisu, nina wakwe watatu, mmoja askari magereza, na heshima hiyo naishika mpaka leo, wakija mimi naingia ndani. Lakini huyo wa magereza nimewahi kumkemea kupitia mlango uliofungwa, na alinisikia neno kwa neno. Kwa hiyo usiniambie kwamba mila imekufunga mdomo. Kilichokufunga mdomo umekitaja mwenyewe, ni kile kiti na lile koti la njano. Ungesema siku ileile, "Jamani, huyu ni mkwe wangu," mwalo mzima ungeangua kicheko, Muzafaru angekiokota kipaza sauti, na mkutano ungeendelea. Ukanyamaza, ukawaacha waamini kwamba hata wewe unaogopa magwanda. Kukimbia nakusamehe, lakini kunyamaza huko sikusamehe haraka.

Tena hata kama ungekuwa huna haya naye, kumhoji si kazi yako. Ukimlegezea watasema umempendelea, ukimkaza watasema unamlipizia mambo ya nyumbani. Kesi ya mkwe wako haiwezi kuwa yako, na mtu yeyote mwenye akili mwaloni atalielewa hilo ukimwambia.

Nikueleze jambo moja ambalo huwa siandiki hapa. Miaka ile ya utawala wa askari, baba yangu alichukuliwa, nami nilikuwa mdogo. Mama alisimama kwenye lango la kambi siku saba akiuliza mume wake yuko wapi. Karani wa pale langoni alikuwa jirani yetu, tulichota maji kisima kimoja. Kila akimwona mama anageuza uso, anasema habari zitakuja. Baba alirudi, tunamshukuru Mungu, lakini mama alipozeeka hakuwa akiwataja askari. Alikuwa akimtaja yule karani. Na yule hakuwa mama mkwe wa mtu yeyote, Bushira.

Sasa fanya hivi, na usinirudishie barua ya visingizio. Toa karatasi kwenye kopo, kung'uta chumvi, mpelekee Muzafaru leo pamoja na ufunguo wa sanduku, mbele ya wanakamati wengine wawili. Alhamisi simama mapema, kabla Ramathan hajaingia, uwaeleze watu kila kitu, pamoja na hilo la magunia, na uache wacheke mpaka washibe. Sema kwamba shauri la Isiko Muzafaru ndiye atakayeliongoza. Kisha kaa nyuma, jitande leso yako, mpe mkwe wako mgongo kama unavyopenda, ila ukae na Namukose ubavuni mwako mpaka mwisho. Wakikunyang'anya kiti, wamekunyang'anya. Mimi nadhani watakurudishia, kwa sababu mwenyekiti anayejitoa kwenye shauri la ndugu yake hawajawahi kumwona.

Mariat mwambie anyamaze kulia. Mume wake akijibu swali moja vizuri mbele za watu, atafanya kazi pale kwa amani. Akilindwa na mama mkwe, watamsema mpaka siku ya uhamisho. Na Ramathan naye, najua gazeti hili linafika vituoni, kwa hiyo afande, sikiliza: kama una sababu ya siku zile tano, iseme. Kama huna, mwombe radhi Isiko, na umtazame usoni unapomwomba, maana Isiko si mama mkwe wako.

Lakini Alhamisi ni mbali, Bushira, na Namukose atakusalimu kesho asubuhi kama kawaida. Usijifanye una haraka. Mwombe radhi kwa wiki hizo mbili, na akikuuliza barua yake imefika wapi, mjibu kwamba ilikuwa kwako, kwenye kopo la chumvi, na sasa imetoka.

Shangazi Nandutu, Mbale