Fundi Anafunika Cherehani Saa Kumi

Mugumu, Serengeti

Kaka yangu Mwita,

Shikamoo. Ipokee hata kama umenuna, maana nimeshalipia stempu. Mimi mdogo wako Marwa ni mzima, nakula, nalala, na meno yote yapo, ingawa juzijuzi kuna watu walitaka kuyapunguza. Nitakueleza. Goti la mama linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu bado anampiga teke kila anayemkamua, au sasa anachagua?

Ujumbe wako aliniletea utingo wa lori la pamba. Anasema tangu mhamishiwe kijiji kipya, makatambuga yako ya matairi unayachonga, unayapanga mbele ya nyumba, yanaota jua tu na hakuna anayeuliza. Anasema unataka kuuza kisu na nyundo, uvuke mpaka wa Sirari ukachume chai kwa watu. Kaka, mimi niliondoka nyumbani kwa sababu nilijua wewe upo na mama. Nilikaa na huo ujumbe siku nzima bila kutania mtu, mpaka Fundi akaniuliza kama ninaumwa.

Huyo Fundi ndo nataka nikueleze, na unisikilize kabla hujauza kitu.

Ni Fundi Hamisi, mshona nguo, mtu wa Pangani, lakini amekaa huku mpaka kwa Kikurya anatukana watu vizuri kuliko mimi. Mimi nampigia pasi, namsafishia cherehani, na kwa kuwa Mungu alinipa mdomo mkubwa, akanipa na kazi ya kumtangaza. Naye walimhamisha kama nyie. Zamani alikaa barabarani, kila mtu anamwona. Sasa kawekwa mwisho kabisa wa mstari wa nyumba, nyuma ya ghala la kijiji, mahali ambapo hata mbuzi hapiti bila sababu.

Basi kila siku saa kumi, akishaswali, huyu mzee anafunika cherehani. Hata kama suruali ya mtu imebaki mguu mmoja, anafunika! Anachukua mpira wake wa matambara, kaushona mwenyewe kwa uzi mwekundu, anakwenda uwanjani kucheza na watu waliotoka shamba. Mvi kichwani, suruali kaikunja magotini, anakimbia kama katoroka jela. Nguo ya mtu ikichanika, anachomoa sindano kwenye kofia, anaishona palepale kwa uzi ule ule mwekundu, kisha anamwambia, "Haya, rudi kacheze." Hasemi njoo kwangu, hasemi leta kitambaa. Wala hela hataki.

Mimi roho ilikuwa inaniuma. Siku moja nikamwambia, "Fundi, tutakufa njaa huku tunacheka. Huu si uvivu?"

"Asubuhi shamba la kijiji uliniona nimelala?"

"Hapana."

"Kuna mtu nimemwahidi nguo leo nikampa kesho?"

"Hakuna."

"Basi saa kumi ni yangu. Mwanangu, mtu akishacheka na mimi, siku suruali yake ikiisha atanikumbuka. Hata ikiwa mwaka kesho, namngoja."

Mwaka kesho! Mimi nilitaka jina lienee kabla ya chakula cha jioni. Siku ya mnada nikachukua baiskeli yake, nikaifunga vitambaa vya kila rangi, nikatundika debe mbele, nikaingia katikati ya mnada nagonga debe na kupiga kelele, "Fundi Hamisi! Suruali haichaniki hata ukikimbizwa na mkwe!" Kaka, mimi mtoto wa zizini, nimekua naona mikia, halafu nikasahau kabisa kwamba ng'ombe hapendi matangazo. Walitimka wote! Dume la Mzee Wambura wa Nyansurura lilinipitia, kitambaa changu cha kijani kikanasa kwenye pembe yake, likaingia kwa wauza vyungu, likatokea upande wa pili, likashika njia ya Kenyamonta na bendera yake kama linakwenda kwenye mkutano wa chama.

Watu wakanishika shingo. "Wewe mura, nani amekutuma?"

"Fundi Hamisi," nikasema. Si ndo kazi yangu, kulitaja jina?

Fundi aliacha cherehani, tukazunguka porini na wenye ng'ombe mpaka wa mwisho akapatikana. Hakunigombeza. Alijifuta jasho akasema tu, "Leo kweli wamenijua." Lakini unajua kwetu mtu aliyetawanya ng'ombe anavyochukuliwa. Nguo zilikoma kuja. Nikipita nasikia, "Huyo ndo mtu wa fundi wa kutawanya ng'ombe." Nikafunga furushi langu nirudi Itiryo. Fundi akaliona, akalikalia. "Hutoki hapa. Saa kumi ikifika tunakwenda kwa Mzee Wambura."

Tukaenda. Mimi nilijificha nyuma yake, ingawa mwembamba vile hafichi kitu. Akamwomba mzee radhi vizuri, kisha akasema, "Vijana wako nimewaona wanavyokimbia nyuma ya ng'ombe. Waje wakimbie nyuma ya mpira, wacheze na wangu."

Mzee Wambura akaniangalia. "Na huyu wa debe atacheza wapi?"

"Atakuwa refa."

"Vizuri. Hata tukimtukana atakuwa kazini."

Siku ya mechi uwanja ulijaa, kaka! Hata waliokuja kwa hamu ya kuniona napigwa walikaa mpaka mwisho. Vijana wa Nyansurura wakafunga goli, Mzee Wambura akaruka juu na fimbo yake, na aliposhuka, suruali ilikuwa imeachia nyuma yote, praa! Nani amcheke mzee kama yule? Mimi nikameza filimbi. Fundi akaja taratibu, akachomoa sindano. "Mzee, simama kama dume linapopimwa." Akamshona palepale, uzi mwekundu, huku mzee kashika fimbo kwa mikono miwili, anatazama mbele. Katikati ya kushonwa mabega yake yakaanza kutikisika. Kumbe anacheka. Basi uwanja mzima ukalipuka.

Keshokutwa yake mzee huyo mlangoni kwetu na majora ya vitambaa, wajukuu wake wanatoka jandoni, wanataka nguo mpya. Nyuma yake wakaja wengine, na hakuna aliyeuliza njia. Mmoja anasema, "Huyu alinishonea kaptura uwanjani kabla sijaoa." Mwingine anamwonyesha mwenzake uzi mwekundu kwenye mfuko. Ndo nikaelewa huyu mzee alikuwa anafanya nini saa kumi miaka yote hiyo, mimi nikidhani anacheza. Na kweli alikuwa anacheza! Hapo ndo ananishinda kabisa. Hajifanyishi. Akikosa goli anasikitika mpaka anashindwa kula ugali.

Sasa yako. Uwanja wetu una visiki vya mahindi na mawe makali, kwa hiyo mimi huchezesha nikiwa na makatambuga yako. Mechi ilipoisha, Mzee Wambura akaniinamia miguuni. Nikadhani ananiangusha.

"Refa, umekimbia jioni nzima, mbona kamba haijakatika hata moja? Hivi viatu umeviiba wapi?"

"Kanitengenezea kaka yangu, Itiryo."

"Mwambie na mimi nina miguu."

Ndani ya kifurushi hiki utaona kamba. Usidhani nimekutumia za kufungia ndama. Kila kamba ni mguu wa mtu, Fundi mwenyewe kawapima. Ile ndefu kuliko zote hatukukosea, ndo Mzee Wambura. Yenye uzi mwekundu ni ya Fundi. Utingo atarudi kuyachukua makatambuga.

Utaona na mpira. Kaushona Fundi, anasema ni wako. Saa kumi weka kisu chini, mwite jirani hata yule usiyemjua, mcheze hapo mbele ya nyumba. Mtu kamba ikimkatikia, mfungie bure. Usimwambie lolote. Wewe kwa kununa unajulikana tayari, sasa wakujue kwa kitu kingine.

Msalimie mama, mwambie sijaoa ila nimeshazoea kutukanwa, kwa hiyo niko tayari. Msalimie shemeji Bhoke, mkeo, na akuruhusu kucheza. Msalimie mjomba Chacha mfuga nyuki, na balozi wetu wa nyumba kumi, yeye umweke golini maana hapendi kutembea.

Ni mimi mdogo wako,
Marwa, refa.

Kuna kamba moja fupi, nimeipiga fundo. Ni ya kwangu. Haya ya sasa kisigino kimeanza kuisha, na mimi sitavaa ya mtu mwingine. Ukivuka Sirari, nitachezesha peku.